Ziwa Letu la Mawe

Mwalimu Bwire,

Shikamoo. Najua safari hii hakuna wa kuniitikia, lakini miaka yote niliyofundisha nawe hapa Igogo sikuwahi kuanza maongezi kabla ya marahaba yako, na sasa siwezi kujifunza adabu nyingine.

Mama Bwire hajambo. Amebaki kwanza kule Majita, karibu na kaburi lako. Kiti chako ofisini kilikaa wazi mpaka alipokuja mwalimu mgeni wa hisabati akakikalia, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Ungecheka sana.

Ila nilichotaka kukueleza ni habari za ziwa.

Siku tuliyokuleta uage shule kabla ya safari ya Majita, mwalimu mkuu aliagiza usafi wa nguvu. Mwalimu anapita, wageni wanakuja, uwanja ung'ae. Unajua kuokota takataka ni kazi ya darasa la kwanza, nao hawajafika kwenye somo lako la ramani. Kwao mawe uwanjani ni uchafu. Waliyaokota huku wakilia, wakayatupa nyuma ya vyoo. Nilipofika na jeneza, Ziwa Victoria ulilolipanga kwa mawe pale karibu na mlingoti wa bendera halikuwepo. Ukerewe hakuna, Bukoba hakuna. Nilikulilia wewe, nikalilia na ziwa. Ningemgombeza nani? Walifanya vile kwa heshima yako.

Darasa la tano ni langu sasa, na niliogopa, Mwalimu. Ziwa ulilichora wewe. Mimi nilikuwa mshika kamba ya kupimia tu. Basi nikatundika ramani ya karatasi ukutani, jambo ulilonikataza tangu mwanzo. Nikamuuliza Kulwa, aliyehamia kwetu kutoka Buhongwa baada ya wewe kuondoka, Ukerewe iko upande gani. Akanyoosha kidole juu kwenye mabati ya paa, bila wasiwasi wowote. Nikakusikia kabisa: "Binti, ukiitundika, kaskazini inahamia darini!"

Wenzake walicheka. Pendo, yule mfupi wa dawati la mbele, akasema, "Mwalimu, twende nje."

Tukatoka, wakayabeba mawe kutoka nyuma ya vyoo. Nilikuwa bado nageuzageuza kitabu, sijui nianzie wapi, Pendo akatembea moja kwa moja mpaka mahali fulani mchangani akasimama. "Mimi ni Ukara," akasema. Nilikuwa nimesahau kwamba kila mtoto ulimpa mahali pake. Wakafuata wengine: Musoma, Bukoba, Entebe, na Kisumu, ulikompeleka mwenye kelele kuliko wote kwa sababu ni mbali. Kila mmoja akaweka jiwe miguuni pake. Pwani ya Bukoba imepinda kidogo, utatusamehe, lakini ziwa lilirudi, Mwalimu. Lilirudi lote mbele ya macho yangu.

Mwanza peke yake ndiyo ilibaki wazi. Pale ulikuwa unasimama wewe na fimbo yako. Nikachukua jiwe nipawekee alama, Pendo akanizuia. "Hapo huwa anasimama mwalimu." Wote wakaniangalia mimi. Nikasimama.

Kulwa alikuwa bado pembeni, hana pake. Akaniuliza, "Sasa Mwalimu Bwire mwenyewe yuko wapi?"

Mkono wangu ulianza kwenda juu. Naamini uko huko mbinguni, na kanisani tunakuombea. Lakini sikutaka kumrudisha mtoto yule kwenye mabati. Nikageukia kaskazini mashariki, nikanyoosha mkono kuipita Ukerewe, nikamwambia, "Kule. Majita, kwao."

Kulwa akapita katikati ya ziwa, akaenda akasimama kati ya Ukerewe na Musoma. Akaweka jiwe lake.

"Basi mimi ni Majita," akasema.

Ramani ya ukutani nimeikunja. Darasa la kwanza nimeshawatembeza wakayaona mawe, ili siku nyingine ya usafi wafagie kwa kuyazunguka. Nakuahidi, kila mwaka nitasimama Mwanza hata nikiwa na hofu, na kila mwaka atakuwepo mtoto wa kusimama Majita, ili darasa zima lijue ulipo.

Pumzika, Mwalimu wangu.

Binti yako wa kazini,
Nyamizi