Karatasi ya Nani Hii?

4 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini ule mkono wa pasi umetulia kidogo na dawa ya kuchua haijaisha. Mimi mzima. Naandika kwa sababu simuni unasikia nusu, na nusu nyingine unajijibu mwenyewe.

Wewe umepiga pasi hapa dobini miaka kumi na tisa, kwa hiyo desturi ya mifuko unaijua: ukikuta kitu, unakitangaza kwa sauti mwenyewe aje achukue. Ufunguo wa nani? Kitambulisho cha nani? Jana nilikuwa nachambua sare zetu sisi wenyewe. Nikatoa karatasi, na mdomo ukatangulia akili: "Karatasi ya nani hii? Fundi wa mashine, laki sita na ishirini!"

Mashine zote zilikuwa zinanguruma, lakini nilisikia mtu akimeza mate. Fundi wa mashine ni yule bwana tunayemwita Mluzi. Alikuja mwaka jana, nikamfundisha mimi. Hata bomba la maji moto hakujua linafunguliwa upande gani. Mimi na miaka yangu sita napata laki tatu na nusu. Mwenyewe aliona haya, akasema, "Dada, mimi nilidhani tuko sawa."

Ukutani nyuma yake, lile tangazo: MSHAHARA NI SIRI. ATAKAYETAJA WAKE AU WA MWENZAKE ATAACHISHWA KAZI. Nimelipita miaka yote nikidhani linatulinda sisi. Sasa nimechemka. Nitawauliza wenzangu mmoja mmoja, na Meneja atanitambua. Hebu niambie, wewe ulikuwa unapata ngapi?

Mwanao


11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mkono unauma asubuhi, jua likipanda unaniachia. Dawa ipo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mshahara ni kama nguo ya ndani: kila mtu anayo, au tunaomba awe nayo, lakini hatuulizani. Funika kombe mwanaharamu apite. Unamkumbuka Kibiriti, yule mwenzangu aliyekuwa akija nyumbani kukusuka nywele? Naye alikuwa na maneno kama yako. Akaacha kazi, na tangu hapo sijui anaishi wapi.

Kwa kazi ile nimemlea mtoto wa marehemu kaka yangu, nikamsomesha. Kula, funga mdomo, lala.

Shangazi yako akupendaye


2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Hali yako? Mimi mwili mzima, roho ndiyo inawaka.

Swali langu hukulijibu, lakini tuliache kwanza. Wanawake kumi na mmoja wamenitajia mishahara yao. Hakuna aliyefika laki nne. Juzi Meneja akaniita, akanipa barua: nimesimamishwa kazi kwa kutoa siri za kampuni. Nikaenda nayo moja kwa moja kwa afisa kazi, mama mmoja ambaye miwani yake imefungwa kwa uzi. Aliisoma akacheka mpaka akaivua miwani. Akasema mshahara wangu ni wangu, nikitaka niutangaze kwa kipaza sauti. Mwenye kosa ni anayeniziba mdomo. Shauri litasikilizwa tarehe 28. Ila anataka shahidi kwamba hawa watu wamewahi kumfukuza mtu kwa jambo hili.

Nimempata Kibiriti. Anafua nguo za watu kwa mkono, nyumba nne kwa siku, vidole vimechunika. Hakuacha kazi, Shangazi. Alifukuzwa. Anasema alitaja mshahara wake mara moja tu, mezani pa pasi, kwa mtu aliyemwamini. Kesho yake akaitwa ofisini. Nilipomuuliza ni nani, alinitazama usoni, akaniuliza kama bado unaumwa mkono.

Pale mezani mlikuwa wangapi? Nikimjua aliyemchoma nitamwanika juani mpaka akauke.

Mwanao


16 Aprili

Shangazi,

Wiki mbili sasa. Asiye na la kuficha angekwisha kuandika, hata kunitukana.

Mezani pa pasi mlikuwa wawili. Nimeshauliza.

Binti wa kaka yako


21 Aprili

Mwanangu,

Hukuniamkia, lakini marahaba.

Ni mimi. Huyo Meneja wakati ule alikuwa msimamizi wetu. Aliniuliza ni nani anayechochea watu. Kibiriti alikuwa amenitajia mshahara wake siku hiyohiyo, na ulikuwa umeuzidi wangu kidogo. Nilimwonea kijicho. Sina neno zuri zaidi la kuweka hapo. Nikamtaja. Mwezi uliofuata nikaongezwa laki nzima, nikaambiwa ni siri, nami nikaona nimeheshimiwa. Ada yako ya shule ilitoka humo.

Hati zangu zote za mshahara za miaka kumi na tisa ninazo, nimezipiga pasi, ziko kwenye kopo la biskuti. Ya Julai, mwezi aliofukuzwa Kibiriti, na ya Agosti yenye ile nyongeza, nimezibana kwa pini moja ili wasizitenganishe. Usinisamehe. Nitumie niwe shahidi. Yule bwana alinifanya mbwa wake akanitupia mfupa, na mimi nataka nimng'ate kabla sijafa. Tarehe 28 nitakuja.

Shangazi yako


9 Mei

Shangazi,

Siku ya shauri nilikuona benchi la mbele. Sikukusogelea, na nilikusudia.

Meneja alipoapa kwamba hakumbuki mtu anayeitwa Kibiriti, nawe ukainuka na kopo lako, ukanyanyua zile mbili zenye pini juu kama tufanyavyo mezani, ukasema, "Karatasi ya nani hii?", jasho lilimtoka mpaka kola ikalowa. Mimi najua madoa. Lile halitatoka.

Uamuzi umetoka jana. Nimerudishwa kazini, mishahara inapangwa upya, na afisa kazi anamfungulia Kibiriti shauri lake. Mimi niliomba jambo moja tu, kwamba tangazo alitoe Meneja mwenyewe. Lilikuwa limebandikwa kwa gundi. Alilibandua kwa kucha, kipande kwa kipande, sote tumesimama, Mluzi akimpigia mluzi wa taratibu. Nilifurahi, Shangazi. Nilifurahi vibaya.

Sasa zamu yako. Ada ulinilipia, sikatai, na hapo ndipo panaponiuma: kila herufi ninayoiandika imelipiwa na vidole vya Kibiriti. Jumamosi atakuja kwako. Nimemwelekeza. Ni mdogo kwako kwa miaka kumi na minne, najua, lakini akifika mlangoni wewe ndiye utakayemwamkia. Shikamoo kamili, kwa sauti, jirani asikie.

Binti wa kaka yako


15 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Mkono ni uleule.

Alikuja. Nilimwamkia mlangoni. Jirani aliacha kufagia akasikiliza. Kibiriti hakuitikia. Aliomba maji, akayanywa amesimama, akanirudishia kikombe. Vidole nimeviona. Alipofika njiani akageuka, akasema Jumamosi ijayo atapita tena.

Nitamwamkia tena.

Shangazi yako