Vidole Viwili Chini ya Tepu

Jumatano. Baridi ya Julai, jua limekataa kutoka, na vumbi la Kitengela halijaambiwa kuwa ni msimu wa baridi.

Nimechoka. Si ule uchovu wa kulala ukaisha. Niliamka mgumu kama kitenge kilichotiwa wanga, nikageuka kitandani kwa awamu tatu, halafu nikaenda hospitali ya Kajiado kuambiwa ukweli.

Kwa mgeni wa blogu hii: niko na baridi yabisi ya uti wa mgongo. Jina lake la hospitali ni refu kuliko mgongo wenyewe. Nilidhani ni mgongo tu, mpaka pumzi ikaanza kunikatikia kanisani, katikati ya ubeti. Mapafu hayana shida. Mbavu ndizo zimeshikana na uti, kifua hakifunguki. Mwalimu wa kwaya, mtu mpole, akanipa tamborini nikae nayo mbele.

Tamborini ni pensheni ya waimbaji.

Ndio maana miezi mitatu iliyopita nilikubali mazoezi ya nyumbani. Kusimama mgongo ukutani, kuinua mikono, kuvuta hewa mpaka mbavu zilalamike, kupuliza maji chupani kwa mrija. Na kila Jumapili jioni kupima kifua: toa pumzi yote, pima, vuta pumzi yote, pima, andika tofauti. Mimi nimekuwa fundi wa nguo miaka kumi na tisa. Kufundishwa kupima kifua! Nilicheka.

Nilianza na robo tatu ya inchi, kipimo cha hospitali. Mwezi wa pili, kwa tepu yangu mwenyewe, inchi mbili.

Inchi mbili, jamani. Nikaanza kuruka siku. Kwanza Alhamisi, nikisingizia sare za shule. Mwishowe mimi na ukuta tukawa tunaonana mara moja kwa wiki, kama watu waliokosana kidogo. Tofauti ikabaki inchi mbili palepale, na hapo mwenye akili angeshtuka. Mimi nilimwambia mwalimu wa kwaya kwamba Jumapili hii narudi safu ya pili, na ubeti wa tatu niachiwe peke yangu.

Leo daktari wa mazoezi, binti wa Kimaasai mwenye mikono baridi, akanisalimu, "Sopa, mama," nikaitikia, "Ipa," akanipima. Robo tatu.

Nikamwambia tepu yake imevutika. Hakubisha. Akanipa.

"Haya, nionyeshe vile wewe hupima."

Nikatoa pumzi, nikakaza. Nikavuta pumzi, nikazungusha tena.

"Mama Mutuku, hivyo vidole ni vya nani?"

"Vyangu."

"Na vinafanya nini huko ndani?"

Nikatazama. Vidole viwili chini ya tepu, vimetulia kama viko kazini. Na kweli viko kazini. Kifua cha mteja kikijaa mbele yangu naweka viwili, ili rinda lisimbane akishiba. Mkono hauniulizi tena. Sare zote za kwaya nilizishona hivyo. Wenzangu wanaimba wakiwa na nafasi ya vidole vyangu, na mimi kumbe nilikuwa najishonea mapafu.

Tulicheka, mimi kidogo kwa sababu ya mbavu. Kisha akaacha kucheka. "Mama, haujarudi nyuma. Lakini haujasonga. Na ukiacha mazoezi, utarudi."

Vidole sivionei aibu. Vidole ni mazoea. Aibu yangu ni zile Alhamisi.

Jioni nikampa Baba Mutuku tepu. Ni mtu asiyejua inaanzia upande gani, na hiyo ndiyo sifa niliyokuwa natafuta.

"Nikaze?"

"Kaza."

"Hautaambia watu nimekunyonga?"

"Kaza, baba."

Akapima mara mbili, akasoma tofauti kwa sauti ya kutangaza matokeo ya uchaguzi: "Robo tatu! Hiyo ni nzuri?"

Nimeiandika kwa kalamu ya wino.

Halafu nikamtumia mwalimu wa kwaya ujumbe: Jumapili bado ni tamborini. Amejibu, "Sawa." Amejibu haraka kidogo kuliko nilivyotarajia.

Sijui kama kifua cha miaka arobaini na sita bado kinafunguka kwa kusimamishwa ukutani. Najua tu kwamba nimekwisha sogeza meza ya kukatia nguo, ukuta uko wazi, na mrija uko kwenye chupa.

Kesho ni Alhamisi.