Mdalasini wa Harusi ya Deswita

Jumatatu, 4 Machi

Alhamdulillahi, sukari ya Baba Deswita imeshuka tena! Karudi kutoka zahanati kifua mbele kama kijana. Anasema ni kwa sababu ameacha wali wa jioni. Namwacha aamini. Yeye mdalasini anautaka chembe tu, wa kunukiza chai yake ya majani ya mti wa kahawa. Hajui kwamba tangu Idi Kubwa namtilia vijiko viwili vilivyofurika, asubuhi na jioni. Na kwenye uji pia. Nasaga mwenyewe lile gome nene la mdalasini tuliouangusha kugharimia harusi ya binti yetu Deswita. Kali, linachoma ulimi. Jirani yangu Rosmaniar ndiye aliyeniambia unashusha sukari. Baba Deswita akilalamika chai nzito, namwambia majani ya mwaka huu ndivyo yalivyo. Uongo mdogo. Mola anisamehe.

Alhamisi, 7 Machi

Siku mbaya. Walimpigia simu arudi — damu waliyochukua Jumatatu inaonyesha ini haliko sawa. Nilimsindikiza. Daktari, binti mpole tu, akauliza kama anatumia dawa za kienyeji. Nikadakia mimi: hapana. Na moyoni niliona nasema kweli! Mdalasini ni dawa? Huku Kerinci ni mti wa nyuma ya nyumba, watoto tumewasomesha kwa magome yake. Ndipo akamgeukia: mzee, unakunywa pombe?

Baba Deswita! Mwadhini kwa miaka kumi na tisa! Uso ulimbadilika. Tulipofika tu mlangoni kwetu, akaniuliza: "Mama Deswita, mimi nanuka pombe?"

Mkwe wetu, mume wa Deswita, alikuwa barazani. Kasikia.

Jumamosi, 9 Machi

Jana Ijumaa hakuadhini. Eti koo linamuuma. Halimuumi.

Leo tumepika nyama ya nazi kwa Rosmaniar, wana khitma. Nikachota mdalasini kijiko kizima, mkono umeshazoea. Shangazi yake, Bi Yusnidar, mkunga mstaafu, akanidaka: "We! Unapika au unapaka nyumba rangi? Huu wa kwetu ni wa kunusisha chungu tu. Hebu kula vijiko vizima kila siku uone kama hujaharibika ini!" Wenzangu wakacheka. Mimi kijiko kikaniponyoka.

Ini.

Nimerudi nimemwaga kopo zima la mdalasini jivuni. Jioni nikampa chai tupu. Akaonja, akatabasamu, mara ya kwanza tangu Alhamisi. "Haya, leo ndiyo chai ya mke wangu." Nikaenda uani kulia. Nilitaka kumwambia. Badala yake nikaosha vikombe.

Jumanne, 12 Machi

Zahanati, foleni, apimwe tena. Naandikia gotini. Mbele yetu watu wawili.

Mama mmoja kamsalimia Baba Deswita vizuri tu, kisha kamnong'oneza mwenzake: pombe. Baba Deswita kasikia. Kaishusha kofia yake hadi kwenye nyusi. Halafu kanishika kiganja: "Wewe unajua sijawahi kuonja. Leo wewe ndiye shahidi wangu kwa yule daktari."

Ya Rabi! Shahidi!

Kabaki mtu mmoja. Baba Deswita ananichungulia, anacheka kidogo. "Unaandika nini muda wote, dua? Hebu na mimi nisome niitikie amina." Kashavaa miwani. Kanyoosha mkono.

Nimemwambia subiri, nimalize mstari huu. Nampa daftari —