Kanzu Nyekundu na Kanda Uliyosema Imeliwa

Setúbal, Ureno, Jumapili mchana

Kaka Bakari,

Shikamoo. Hujambo wewe, na wifi, na watoto? Mgongo wa wifi umepoa? Na mihogo ya Quionga imeshika, au nguruwe wamekutangulia tena? Huku sisi wazima, alhamdulillahi. Baridi ipo, mashuka ya hoteli ya kufua yapo, mikono yangu imechujuka kwa sabuni. Hayo sitayarefusha, maana nina jambo linaniwasha ulimi. Nimekuandikia karatasi makusudi. Kwa simu wewe unasema "tupo", kisha unampa wifi.

Kaka, nimekukamata!

Nimeipata Kanzu Nyekundu. Ile ile katuni ya kibanda cha video Mocímboa, ya yule shujaa anayeruka kwa kulifungua koti lake refu linalofika miguuni. Ipo yote kwenye intaneti, na wameitia Kireno. Nilipiga ukelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Unakumbuka? Kanda zilitoka Mtwara, zikavukia mpakani Namoto, zote Kiingereza kitupu. Kiingilio kilikuwa nazi moja. Wewe ukisimama kando ya televisheni na kifimbo chako, unatufasiria, maana ulikaa Mtwara miezi mitatu ukarudi ukisema Kiingereza umekimaliza. Sisi watoto tumebanana mkekani, tumekutolea macho.

Sasa nimeisikia kwa lugha ninayoijua. Kaka, hukuwa unajua hata neno moja!

Yule bibi mwenye mvi na fimbo ya moto, wewe ulisema ni mama yake Kanzu Nyekundu. Akimrushia moto, ukasema, "Anammulikia mwanawe njia." Wakikamatana mashati, ukasema, "Anamfunza huyo. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu." Shujaa akimfokea meno nje, wewe ukatuambia kwa sauti ya upole, "Anamuuliza, mama, umeshakula?" Kumbe yule bibi ndiye adui mkuu! Ndiye anayetaka kuuzamisha mji mzima! Nilicheka mpaka nikakaa chini jikoni.

Halafu kicheko kikakatika, maana niliukumbuka mwaka wenyewe. Ni mwaka ule mama alipotutoka, nami nina miaka minane, chakula hakipiti. Katika kila kanda yule bibi alianguka, mara baharini, mara shimoni. Na kila mara wewe uliniangalia mimi, si wale wengine, ukasema, "Huyu hafi. Tulieni, anarudi." Kanda inayofuata akarudi kweli. Siku hizo nilikuwa nikifika nyumbani nakula ugali naisafisha sahani. Miaka yote hii sikujua ulichokuwa ukinifanyia, kaka. Nakupenda, na haya ya kukuambia sina tena.

Sasa nisikilize habari za binti yangu Rehema, ambaye unamjua kwa picha tu. Kiswahili anakisikia, lakini jibu lake ni Kireno, na mimi nikirudi nimechoka namwachia. Nilimwonyesha katuni. Hazikupita dakika tano: "Mamã, são bonecos de velhos," ati katuni ya wazee, akarudi kwenye simu yake. Nikaona haya kwa niaba yako! Nikazima sauti, nikachukua mwiko, nikasimama kando ya televisheni, nikamwambia mjomba wake alitufasiria hivi, nikaanza kufasiri kwa maneno yako wewe. Nilipofika "mama, umeshakula?" akaiweka simu. Siku ya nne akamwita mwenzake wa mlango wa pili, mtoto wa Kireno. Mimi nikisema, Rehema anamgeuzia kwa Kireno. Ungeniona, kaka, mwiko mkononi na aproni ya kazini! Nilikuwa na furaha ya kupasuka.

Jana tukafika ya mwisho. Ile sisi hatukuiona kamwe. Wewe ulitoka nje ukasema mashine imeila kanda, nasi tukagombana tukidai nazi zetu. Nikaitazama kwanza peke yangu, kama ulivyokuwa ukifanya wewe asubuhi kabla hatujaingia. Bibi anakufa. Kanzu Nyekundu mwenyewe anamwachia mkono, na safari hii harudi, wanaonyesha mpaka kaburi. Mashine haikula kitu. Uliificha ile kanda kwa ajili yangu.

Nililia, kisha nikapika. Mimi mtu mzima, nimeweza. Lakini Rehema na mwenzake walipokuja kukaa kwenye zulia, niliuweka mwiko chini. Mwisho wa kweli siutaki, na wako sinao. Wifi ameniambia kwamba tangu mlipoihama Mocímboa kwa vita hutaki kusimulia, hata wanao wakikuomba. Unasema hadithi ziliungua na nyumba. Sikulaumu, mimi sikuyaona mliyoyaona. Lakini nikuombe mara moja tu: chukua simu ya binti yako, bonyeza, sema mwisho wake kwa sauti yako. Dakika mbili zatosha. Ukikosea, nani atajua? Hukuwahi kupatia hata siku moja!

Nisalimie wifi. Nisalimie shangazi yetu wa vitumbua, mwambie nimevijaribu huku vikawa mawe. Nisalimie mwalimu wetu wa chuo cha Kurani kama bado anaona. Na yule mzee mwenye kibanda cha video, kama yu hai, mwambie nazi yangu ya kanda ya mwisho nimemsamehe.

Nimebakiza moja. Jana nilimwambia Rehema kanda imeliwa na mashine. Hajui hata kanda ni nini. Akanijibu kwa Kiswahili, bila kuambiwa na mtu:

"Basi mpigie mjomba. Yeye anajua bibi amerudi saa ngapi."

Ni mimi mdogo wako,
Zuhura