Chati yenye mapengo

Jumanne, saa kumi jioni. Mvua imekatika, na mafundi wa mtaa wa Gisozi huko chini wamerudi kuranda mbao. Chai yangu imepoa. Moyo umetulia kiasi.

Keshokutwa mkaguzi anakuja. Akiridhika, nyumba yetu ya kutunzia wazee inapata leseni tena. Asiporidhika tutafungiwa, na wengi wa wazee wetu hawana pengine pa kwenda. Kazi yangu ni kuhakikisha kanuni zinafuatwa, na hadi jana nilijiona hodari kweli.

Nikiri tu: napenda karatasi. Nilikulia Mwanza, kwa baba karani, na kwetu kisichoandikwa kilikuwa hakijatokea. Basi nilipofika hapa nikatengeneza chati kwa kila mzee asiyeweza kujigeuza kitandani. Kila baada ya saa mbili ageuzwe ubavu, mhudumu aandike na kutia saini. Nikaiingiza kwenye imihigo, zile ahadi za kazi tunazosaini na kupimwa nazo. Chati isiyo na pengo, alama kamili. Majina ya walioongoza nikayabandika ukutani karibu na jiko.

Ndani ya wiki mbili mapengo yakaisha. Nikajipongeza.

Yakabaki ya Espérance peke yake, mama mpole aliyekulia Bujumbura. Mwezi uliopita nilimsema mbele ya wenzake, kwamba anatuangusha. Akainama, akaenda kuanika mashuka.

Jana saa nne asubuhi nilisaidia kumwogesha mukecuru Verediana, bibi anayeniita binti yake na kila siku kuniuliza jina. Kwenye nyonga ngozi ilikuwa imevimba, ina joto. Nilipoigusa akakunja uso. Kidonda cha kulalia huanza hivyo. Nikaikimbilia chati yake, nikaikuta imejaa vizuri, saini kwa saini, mpaka saa kumi jioni.

Saa kumi ambayo ilikuwa haijafika.

Wahudumu niliowauliza hawakuficha kitu. Huwa wanajaza za siku nzima wakati wa chai ya asubuhi, kalamu ikizunguka meza, wasije wakasahau wakakosa alama. Hakuna aliyejiona anadanganya. Niliwataka wajaze, nao wakajaza.

Nikamfuata Espérance kwenye kamba za nguo, nikamuuliza yeye kwa nini hajazi.

"Madamu, mimi naandika ile nimefanya," akasema. "Saa sita wenzangu wanaenda kula, niko peke yangu. Mukecuru iko muzito, siwezi kumugeuza. Sasa nitaandika nini?"

Nikatoa chati zote za zamu zake. Mapengo yake yote yalikuwa ya saa sita mchana. Mwezi mzima alikuwa ananieleza kinachokosekana, na mimi nikamgombeza.

Niliona aibu. Bado ninayo.

Leo asubuhi nimeibandua ile orodha ukutani. Kuanzia kesho chakula kitaliwa kwa zamu, wawili wabaki na wazee. Nilimsema Espérance mbele ya watu, kwa hiyo nimemwomba radhi mbele ya watu. Yeye akacheka kidogo, akasema tusichelewe, wazee wanasubiri uji. Mkurugenzi ameniuliza kama kweli nitamwonyesha mkaguzi makosa yetu. Nimesema ndiyo. Naogopa, lakini chati ya uongo haitaponya nyonga ya mtu.

Saa saba nilipita kwa mukecuru. Zamu ilikuwa ya mhudumu mwingine, yule aliyekuwa akiongoza ukutani kila wiki. Kwenye chati, mbele ya saa sita ameacha wazi, na pembeni ameandika kwa herufi ndogo: *nilikuwa peke yangu*.

Nikanawa mikono, nikamwita huyo mhudumu, tukamgeuza bibi pamoja. Bibi akaniuliza jina.

Chati hiyo ndiyo nitakayoiweka juu kabisa kwenye faili la mkaguzi.