Hema la Uani mwa Zahanati

Wifi yangu mpenzi,

Kaka yako amerudi nyumbani. Amekonda mpaka suruali anaishikilia kwa mkono, lakini asubuhi kalalamika chai haina sukari, nikajua amepona.

Ile homa ya mlipuko ilipomshika, nilimkimbiza kwenye zahanati uliyokuwa ukiisimamia kabla hujahamishwa. Mlinzi akatuzuia getini.

"Mama, mwenye homa haingii ndani. Anapita huku, kwenye hema."

Nikamfokea. Muuguzi akatoka, kashavaa glavu na barakoa.

"Usiogope, dada. Wifi yako alituzoesha haya mpaka tukamchoka."

Kumbe mazoezi yako ya kupokea wagonjwa wa mlipuko, yale wenzako waliyoyaita maigizo, ndiyo yaliyomwokoa kaka yako. Mimi na watoto hatukuambukizwa. Ahsante, wifi. Sijui niseme nini zaidi.

Muuguzi yule naye ameugua. Amelazwa kwenye hema lilelile. Leo nilimpelekea supu, nikasimama nje ya kamba waliyozungushia hema. Akajiinua kidogo, akacheka.

"Mwambie wifi yako hema linavuja."

Basi nimekwambia. Zungumza na wakubwa huko, mvua ziko karibu.

Akupendaye,
Mama Pacha