Gari la Baba Lililovuliwa Utepe

Mtaa wa Osborne,
Arleta, California.
14 Oktoba 2011

Mpendwa dada Imelda,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto lisiloisha. U hali gani, na baridi ya Alaska inakutendeaje? Mgongo umepoa? Shemeji Leland bado anatibu mbwa wa watu? Sisi tu wazima wa mwili. Mama anakula, anagombana na redio, na magoti yanamsumbua asubuhi tu.

Mlimau wa uani umezaa mpaka tunagawia majirani. Binamu Eloy amepata mtoto wa kike, mnene kama tamali, ule mkate wa mahindi.

Najua unajiuliza kwa nini barua na simu ipo. Simu nimeishika mara nne, dada, nikaiweka chini. Ni kuhusu Camaro, gari la Baba.

Unakumbuka nilivyokuomba ruhusa mwezi Mei ya kulitumia kwenye filamu. Gari ni letu sote wawili, nawe ulisita, nikakuapia kwa kaburi la Baba kwamba litapigwa picha za karibu tu, taa na usukani. Mengine saba, yaliyopakwa rangi kama ya la Baba, ndiyo yalikuwa ya kuangamizwa. Kazi yangu unaijua: tunanunua magari ya mwaka sitini na tisa, mengine mazima kabisa, tunayapuliza rangi moja, tunayapa kibao cha namba kimoja, kisha tunayavunja ili watu sinemani wale bisi na kushangilia. Miaka kumi na tisa naifanya, na sikuwahi kulia.

Kwa kuwa yote yanafanana, kila moja hubandikwa utepe kwenye boneti. Bluu ni la kuvunjwa, kijani ni la kurudi nyumbani. Kamera haitakiwi kuuona utepe, kwa hiyo la kuvunjwa huvuliwa dakika ya mwisho. Gari lisilo na utepe limekwisha kuaga. Desturi hiyo niliianzisha mimi mwenyewe.

Siku ya kupiga picha, jangwani karibu na Mojave, wenzangu walimaliza picha za karibu asubuhi. Nilitakiwa kurudisha utepe wa kijani niliouvua kwa ajili ya kamera. Lakini jua lilikuwa kali, na gundi ikiiva hung'oa rangi, rangi ileile aliyokuwa Baba akiing'arisha kila Jumamosi kwa fulana zake kuukuu. Nikaionea huruma. Nikasema acha nile kwanza, boneti ipoe.

Nikiwa kwenye foleni ya chakula nikamsikia msimamizi wetu, Coy, akipaza sauti, "Hili hapa limeshavuliwa! Fungeni waya wa kulivutia machimboni, jua linatukimbia!"

"Rogelio yuko wapi?" mtu akaniulizia.

"Mwacheni mzee ale. Keshatuandalia kila kitu."

Nilikimbia, dada, sahani mkononi. Nilifika likiwa limeshavuka ukingo wa machimbo. Lilibingirika mara tatu. Watu wakapiga makofi, maana lilianguka vizuri. Coy alipojua ni gari gani alikaa mchangani akashika kichwa. Simlaumu. Msiba wa kujitakia hauna kilio, lakini mimi nimelia.

Kisha nikaongeza kosa juu ya kosa. Gari la sita kati ya yale saba, ambalo la Baba lilishika nafasi yake, lilibaki zima. Nikaliomba, nikalileta gereji kwetu, nikatundika ndani rozari ya Baba niliyoiokota kwenye vyuma, Mama adhani ni lilelile. Jumapili, baada ya misa, Mama akashuka kama kawaida yake kukaa garini na kuzungumza na Baba. Akaingia, akavuta mlango. Akaufungua, akaufunga tena. Unajua Baba alipachika milango kiwandani Van Nuys miaka ishirini na miwili, na wa kwake aliurekebisha mpaka ukawa unafungika kwa kidole kimoja; huu ulitaka kubamizwa.

Mama hakunifokea. Aliitoa rozari, akaitia mfukoni, akasema, "Mwanangu, gari hili warudishie wenyewe. Huenda aliyekuwa nalo naye aliacha mjane."

Gari hilo la sita tulilinunua Fresno kwa mama mmoja aliyenishika mkono akaniuliza kama tutalitunza, nami nikamwambia ndiyo, mama, usiwe na wasiwasi.

Nisalimie Leland na mpwa wangu Ximena. Shangazi Consuelo anakubusu. Mungu akukinge na baridi hiyo, na akulainishe moyo usomapo haya.

Mdogo wako akupendaye, na aliyekukosea,
Rogelio